Kompyuta Katika Orodha ya Mirathi

Mtu anapofariki katika mji wa Ibra, Oman, na warithi wakaketi kuorodhesha alichokiacha, wazee wanaoitwa kuithamini mali hawapati tabu kubwa, kwa kuwa kila kitu cha asili kina kipimo chake kinachojulikana na kukubalika: mtende hukadiriwa kwa aina ya tende zake na kwa miaka iliyobaki ya kuzaa, zamu ya maji ya falaji huhesabiwa kwa athar, ambayo ni nusu saa ya maji, jambia hupimwa uzito wa fedha yake na kutazamwa mpini wake, na nyumba hutazamwa kiwanja chake na majirani zake. Siku hizi, hata hivyo, orodha hiyo huingiwa na kitu ambacho wazee hao hawakurithishwa mizani yake. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo, na msomaji wa orodha alipofika penye "kompyuta ya mezani moja, na laptopu moja," watu walinyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akasema, "Andika riali tano," na kijana aliyeketi karibu na mlango akajibu kwa adabu, "Ami, hiyo laptopu marehemu aliinunua riali mia tatu na hamsini, na haijatimiza miaka minne." Pakazuka mabishano mafupi, na mwisho wake zote mbili akapewa kijana huyohuyo bila ya kuhesabiwa, kikao kikarejea kwenye habari za mitende, ambazo kila mtu alikuwa na la kusema.

Mzee alikuwa akihukumu kwa aliyoyaona, yaani mashine zinazonunuliwa kwa bei ghali na baada ya muda mchache zikatupwa stoo. Kijana alikuwa akihukumu kwa fedha iliyotoka mfukoni. Kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake, lakini hapana aliyeuliza swali linalostahili kuulizwa penye mali yoyote inayotumika, nalo ni hili: imebakiwa na miaka mingapi ya kazi, na miaka hiyo imo mkononi mwa nani?

Mafakihi waliotangulia waliweka katika mlango wa wakfu sharti linaloweza kutufaa hapa, ijapokuwa hawakukusudia mashine, kwamba kitu kinachowekwa wakfu kiwe kinaweza kutumika huku aini yake, yaani kitu chenyewe, ikibaki. Kwa sharti hilo ardhi, kisima, msahafu na mtende vilifaa, na chakula hakikufaa, kwa sababu kukitumia chakula ndiko kukimaliza. Walivijua, basi, vitu vya namna mbili: kile ambacho aini yake huondoka pamoja na manfaa yake, na kile ambacho aini yake hubaki na manfaa yakabaki nayo. Kompyuta ya zama hizi imeleta namna ya tatu, kwani aini yake yaweza kukaa mezani ikiwa nzima, kioo kikiwa safi na hata skrubu moja haijapotea, na manfaa yake yakawa yameondolewa na aliyeitengeneza, ambaye yuko maelfu ya maili kutoka hapa na hajui kama Ibra ipo duniani. Ndiyo maana sioni faida ya kuuliza tu kama kompyuta fulani ni imara. Mwili wake una ajali yake, yaani mwisho wa umri wake, na manfaa yake yana ajali yake nyingine, na anayeitathmini hana budi azijue zote mbili.

Ushahidi umo katika nyumba zetu wenyewe, hasa za wale waliorejea kutoka Afrika ya Mashariki. Waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wengi zaidi waliokuja baada ya Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika hatamu na kuwaita Waomani waliotawanyika, waliikuta mikoa ya Ash Sharqiyah na Ad Dakhiliyah haina shule za kutosha wala barabara, na kwa kuwa wengi wao walikwisha kusoma, walipata kazi katika benki, katika wizara na katika mafuta. Wakawasomesha watoto wao kwa pupa ya mtu aliyepotewa na mali akajifunza kwamba elimu haitaifishwi. Si ajabu, basi, kwamba katikati ya miaka ya 1980 katika baadhi ya nyumba hizo iliingia mashine iliyoitwa Sakhr.

Sakhr ilikuwa kazi ya kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Muhammad al-Sharekh, mtu ambaye baadaye, mwaka 2021, alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, akafariki mwaka 2024. Alichofanya ni kuchukua mkataba wa MSX, ambao mwaka 1983 makampuni ya Japani pamoja na Microsoft yaliafikiana ili kompyuta za watengenezaji mbalimbali zisome programu zilezile, akautia herufi za Kiarabu. Ile iliyoenea sana, AX-170, ilikuwa kibodi nene iliyofungwa kwenye televisheni ya nyumbani. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64, ambazo leo hazitoshi kubeba picha moja ya simu. Programu zake zilikuja katika katriji za plastiki zilizochomekwa juu, au katika kaseti za kawaida zilizochezwa kwa rekoda. Mtoto wa Sur au wa Nizwa aliweza kuandika amri za lugha ya Basic kwa Kiarabu, na kufumba na kufumbua akauona mstari unachorwa kwenye kioo kilekile alichokuwa akitazamia habari. Kisha Agosti 1990 Kuwait ikavamiwa, kampuni ikahamishia kazi zake Cairo, ikashughulika zaidi na programu za lugha, na zama za mashine yenyewe zikapita.

Ninaijua nyumba moja ya Ibra ambayo Sakhr yake, ikichomekwa umeme leo, inawaka. Plastiki imegeuka rangi ya siagi iliyokaa, mkanda wa mpira ndani ya rekoda umeyeyuka ukawa ute mweusi, na kifaa cha kupunguza umeme kilibadilishwa kapasita na fundi wa redio. Lakini katriji ikitiwa, maandishi ya Kiarabu yanatokea kabla mtu hajamaliza kuketi. Sababu si kwamba watu wa zamani walikuwa mahodari kuliko wa leo, kama wapendavyo kusema wazee wa barazani. Mashine ile haikuwa na betri ya kuvimba, wala feni ya kuziba, wala diski ya kuzunguka. Joto lake lilikuwa dogo. Na zaidi ya yote, kila ilichokihitaji ili ifanye kazi kilikuwa kimechapwa ndani ya vipande vyake, hata hapakuwa na mtu wa kuiomba ruhusa. Prosesa yake, Z80 ya kampuni ya Zilog, ilianza kuuzwa mwaka 1976 na haikusimamishwa kutengenezwa ila mwaka 2024, muda wa takriban miaka 48, ambamo vipuri vyake vilipatikana kwa yeyote aliyetaka kulehemu kingine mahali pa kilichokufa.

Hata hivyo nisieleweke kwamba ninaisifu kupita kiasi. Sakhr inayowaka haiwezi kufungua barua ya wizara wala kumwonyesha bibi sura ya mjukuu wake aliyeko Liverpool, na katika hesabu ya mirathi thamani yake ni ile atakayoitoa mkusanyaji wa vitu vya kale. Inachotufundisha ni kwamba ajali ya mwili yaweza kurefushwa sana pale ambapo joto ni dogo na siri zote zimo ndani ya sanduku.

Mintarafu joto, nchi yetu haina mchezo. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat, ulio njiani baina ya Muskat na Sur, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, na wataalamu wa hali ya hewa wakaandika kwamba haujapata kupimwa usiku wenye joto kama huo. Mafundi wa umeme wana kanuni yao, kwamba kapasita ya maji, kile kitungi kidogo kinachosimama kwenye kila ubao wa umeme, hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Iliyotengenezwa idumu miaka 12 mahali pa baridi, itadumu 6 ikiongezewa nyuzi 10, na 3 ikiongezewa 20, na hapana ubora wa chapa wala ukubwa wa bei unaoiondosha hesabu hiyo. Anayesoma katika gazeti la London kwamba kompyuta fulani hudumu miaka minane, basi, asiichukue miaka hiyo minane akaileta Nizwa kama ilivyo.

Tena miji yetu haiui kwa namna moja. Nizwa ni kavu, na mauti yake ni vumbi. Nilisimama kwenye duka la fundi mmoja wa Kerala, katika mtaa wa Firq, akiifungua laptopu ya mwalimu iliyokuwa ikijizima yenyewe kila baada ya robo saa. Kifuniko cha chini kilipotoka na feni ikanyanyuliwa, palionekana baina ya feni na mapezi ya shaba ukanda wa vumbi ulioshikana kama sufi, nao alipouchokoa kwa mswaki ulitoka mzima, umechukua umbo la mapezi yale. Pesti ipitishayo joto, iliyopakwa kiwandani ikiwa laini, ilikuwa imekauka ikawa unga mweupe. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya kiasi cha punje ya dengu, akafunga, na prosesa iliyokuwa ikifika nyuzi 97 kabla ya kuzimika ikasimama kwenye 71. Alitoza riali 5. Mwalimu, ambaye alikwisha kuagiza mashine mpya, aliitazama ile ya zamani kwa kitambo asijue acheke au aghadhibike.

Ibra nayo iko karibu na Ramlat al-Wahiba, na mchanga wake mwembamba hupenya hata madirisha yaliyofungwa, lakini hewa yake haitofautiani sana na ya Nizwa. Sur ni jambo jingine kabisa. Pale adui ni chumvi na unyevu, na hasa ile desturi ya kukipoza chumba kwa kiyoyozi mpaka mashine ikawa baridi kama chuma cha friji, kisha dirisha likafunguliwa jioni kuingiza upepo wa bahari. Mvuke hugeuka maji ndani ya kompyuta mahali pasipoonekana, na baada ya misimu miwili au mitatu shaba inaanza kuota kijani kwenye matundu ya kuchomekea waya. Watu wa Sur si wageni wa habari hii. Chombo chao mashuhuri, ghanja iitwayo Fatah al-Khair, iliyoundwa mjini humo mwaka 1951 na kurejeshwa kutoka Yemen mwaka 1993, imedumu kwa sababu wenyewe walijua kwamba bahari inakula bila kulala, wakawa kila msimu hukipandisha chombo pwani, hukipaka mbao zake sifa na chini yake deheni, wala hawakungoja kiingie maji. Kwa kompyuta, watu haohao husubiri izimike ndipo waite fundi, na mimi sioni tofauti ila kwamba deheni ilionekana kwa macho na vumbi la feni halionekani.

Kuhusu betri nitasema machache, kwa kuwa wengi wamekwisha kujifunza kwa hasara. Betri ya lithiamu huchoka kwa kuchajiwa na kutumiwa, mizunguko 500 kwa nyingi na 1000 kwa zilizo bora, lakini huchoka upesi zaidi ikikaa imejaa tele mahali pa joto, na hakuna mahali pa joto kuliko ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa Juni. Ikianza kuvimba, kibao cha kugusia huinuka kidogo na kifuniko hakifungi vizuri. Hapo ni kuitoa, si kuibonyeza irudi. Watengenezaji wengi siku hizi wameweka ndani ya mashine njia ya kuizuia isipite asilimia 80, na laptopu inayokaa mezani siku zote haihitaji zaidi ya hiyo.

Ama ajali ya pili, ile ya manfaa, haitegemei jua la Oman wala usafi wa mwenye mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha ulinzi wa kawaida wa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015, ikawaachia watu wa majumbani nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali kuingia rasmi ila kwenye mashine yenye chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida ni zile za kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017, na kuendelea. Aliyenunua mashine mwanzoni mwa mwaka 2017, akaitunza, akaifuta vumbi, akaifunika kitambaa, aliambiwa kwamba mashine yake imefikia mwisho, ilhali ndani yake hapana kilichoharibika. Apple nayo iliacha prosesa za Intel kuanzia mwaka 2020, na mfumo wa macOS uliotoka mwaka 2025 ndio wa mwisho kuzikubali. Google iliahidi mwaka 2023 miaka 10 ya masasisho kwa Chromebook zake, ahadi iliyo bora kuliko za wenzake kwa kuwa angalau ina tarehe, na mnunuzi akiitafuta ataiona kabla hajatoa fedha.

Katika jambo hili walioumia zaidi ni wale walionunua kwa haraka. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, na watoto wakatakiwa wasome kwa intaneti, nyumba yenye watoto wanne iliyokuwa na kompyuta moja ilitafuta tatu nyingine katika wiki moja, na madukani palitoka kila kilichokuwa kimelala kwenye rafu. Nyingi kati ya zile zilikuwa za bei ya chini, zenye kumbukumbu ndogo iliyolehemiwa juu ya ubao hata isiweze kuongezwa, na baadhi zilikuwa za prosesa za zamani zilizovishwa ganda jipya. Leo watoto wale wamefika vyuoni, na mashine zile zinaitwa "mbovu," ijapokuwa nyingi wala si mbovu. Inawezekana kuzitia Linux, mfumo usio na bei na usiobagua prosesa, ukaziongezea miaka. Nimeona laptopu ya mwaka 2011 ikifanya kazi hivyo bila ya kulalamika. Lakini nasema kweli kwamba si kila nyumba ina mtu wa kuitia, na mwenye kutegemea programu maalumu ya kazini kwake huenda asiikute huko.

Sasa, mwenye riali zake mkononi afanye nini? Kwanza, asiiangalie mashine upande unaong'aa. Aigeuze. Ikiwa chini yake pana skrubu zinazoonekana, na fundi anaweza kwa bisibisi ya kawaida kuifikia betri, diski, feni na kumbukumbu, basi umri wa mashine hiyo uko mikononi mwa mwenyewe. Ikiwa imegundishwa kwa gundi na kumbukumbu imelehemiwa, umri wake ni umri wa kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Zipo mashine ambazo watengenezaji wameziunda kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP, ambazo vitabu vyake vya matengenezo hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuvisoma, na ambazo baada ya kutumika miaka mitatu au minne katika ofisi za nchi za baridi husafirishwa kwa makontena, zikauzwa Dubai, na kutoka huko zikafika Ruwi, Muskat, na mwisho Nizwa na Ibra. Hazina uzuri wa kuwavutia vijana. Mimi ningemnunulia mwanangu hiyo kabla ya kumnunulia mpya ya bei ileile.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme laptopu mpya ya rahisi ni riali 150, nayo ikadumu miaka 3: hizo ni riali 50 kwa mwaka. Tuseme ya fahari ni riali 350 na ikadumu miaka 5, basi ni 70 kwa mwaka. Ya ofisi iliyotumika, ikinunuliwa riali 130 na kuongezewa betri na diski kwa riali 30, ikadumu miaka 6, haifiki riali 27 kwa mwaka. Mtu anaweza kubishana nami juu ya miaka, na kila duka lina bei zake, lakini atakayeigawa bei kwa miaka atakuwa amekwisha kuacha kununua kwa macho. Sharti moja tu lizingatiwe, na ndilo wanalosahau wengi: mwaka wa kuhesabia ni mwaka ilipotoka prosesa, si mwaka ulioandikwa kwenye risiti ya duka, kwa kuwa saa ya mtengenezaji ilianza kwenda tangu siku ile, na mashine iliyokaa ghalani miaka mitatu imekwisha kupoteza mitatu ya manfaa yake bila ya kuwashwa.

Tena kuna kompyuta ya mezani, ambayo watu wameidharau kwa sababu haibebeki. Katika nyumba ambayo chumba cha kusomea kinajulikana na kiyoyozi kipo, sanduku la mezani lina nafasi ya hewa, joto lake halibanwi, na kila kiungo chake hubadilishwa kwa fedha kidogo. Isipokuwa nyumba ina mwanafunzi wa chuo anayesafiri kila wiki, sioni hoja ya kuiacha, ghairi ya kwamba majirani hawaioni.

Kisha kuna kile kilichomo ndani ya mashine, ambacho aghalabu kina thamani kuliko mashine yenyewe, na ambacho kikao cha mirathi kile hakikukitaja hata kwa neno moja. Familia nyingi za Ash Sharqiyah zina masanduku ya barua zilizoandikwa Unguja na bara, nyingine kwa Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, za biashara, za talaka, za mashamba ya karafuu, na vijana wamechukua jukumu la kuzipiga picha na kuzihifadhi katika kompyuta. Kazi hiyo ni njema, na Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Hifadhi, iliyoundwa kwa amri ya kifalme mwaka 2007, imekuwa ikizipokea na kuzirekebisha nyaraka za watu binafsi zenye asili kama hiyo. Lakini walio wengi, wakimaliza kupiga picha, huitia diski ndani ya mtoto wa meza na kuamini kwamba sasa zimesalimika. Diski ya kisasa isiyozunguka hushika habari kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli zake, na kipimo ambacho watengenezaji wamekubaliana kwa diski za majumbani zilizokwisha kutumika mpaka kikomo chake ni kwamba izishike habari mwaka mmoja bila ya umeme, penye nyuzi 30. Nyuzi 30! Stoo ya Nizwa mwezi wa Julai haizijui nyuzi 30 hata alfajiri. Barua ya babu iliyoandikwa kwa wino na kukunjwa katika kitambaa imesomeka miaka mia na zaidi bila ya kuchajiwa. Asaa wenye picha hizo wakaweka nakala mbili, moja katika mji mwingine, na kuziwasha mara kwa mara. Walioonja kimbunga cha Gonu mjini Sur, Juni 2007, wanajua jinsi maji yanavyoweza kufika kwenye mtoto wa meza.

Mashine zinazobaki, aghalabu hupelekwa Unguja na Pemba. Hiyo ni desturi nzuri ya udugu, na ina wepesi wake, kwa kuwa plagi ya Oman ya miguu mitatu ya mraba ndiyo plagi ya Unguja, na chaja nyingi hukubali umeme wa volti 100 mpaka 240. Walakini mara nyingi kinachofungwa katika sanduku ni aini tupu: mfumo uliokwisha ulinzi, betri iliyokufa, na feni iliyojaa vumbi la Nizwa, iendayo kukutana na unyevu wa pwani. Ndugu wa Unguja, ambao kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 walikaa bila umeme wa gridi kisiwa kizima, wanaijua thamani ya betri kuliko sisi, na hiba isiyo na betri huwagharimu wao kile tulichojinusuru nacho sisi. Kuisafisha, kuitia betri na mfumo mpya kabla ya kuituma ni gharama ya riali 20 au 30, na mwenye kutoa sadaka hastahili kuiona nyingi.

Lililo gumu zaidi ni suala la wenye uwezo, ambao husikika wakisema wanataka kuweka wakfu kompyuta kwa ajili ya madrasa au darasa la jioni. Kwa yale tuliyoyaeleza, sidhani kwamba mashine yenyewe ndiyo ya kuwekwa wakfu, na kama wanavyuoni wataona vingine wao ndio wenye neno. Iliyo salama ni kuweka wakfu kitu ambacho aini yake inabaki, na mazao yake ndiyo yanunue mashine kila zinapochakaa. Tuseme ni duka dogo la Nizwa lenye kodi ya riali 80 kwa mwezi: hilo hutoa riali 960 kwa mwaka, nazo zinatosha kompyuta nne au tano za ofisi zilizotumika, betri na feni za kubadilishia, na ujira wa fundi wa kuja kuzifungua zote mara moja kila mwaka, kaskazi inapoanza na joto limekwisha kupungua.